Paa Halina Nuru

Milalani, Msambweni
12 Januari 2025

Kaka yangu Japheth,

Shikamoo. Kabla hujauliza, sote tu wazima. Baba anakula, analala, anagombana na redio. Binti yangu Ashley alirudi bweni Jumatatu na sanduku lililojaa chapati, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili, mimi na baba, pamoja na kuku wasiotaka kutaga. Mpe wifi Purity salamu nyingi. Mwambie ile leso aliyoniletea kwa mkono wa Elijah naivaa kanisani tu.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Siku ya Krismasi tulikatiana simu mara tatu, na kila ulipokata mimi nilikuwa bado nina la kusema. Halafu unamjua baba: simu ikilia humu ndani lazima iwekwe sauti ya juu naye asikie, maana anasema nyumba yake haina siri. Karatasi hawezi kuisoma. Nimeitazama sentensi hiyo baada ya kuiandika na nimeona haya, lakini ndiyo kweli, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Elijah hupita hapa na lori lake la mbuzi kila baada ya wiki mbili tatu. Atakuletea.

Kaka, macho ya baba yamekwisha.

Unaijua desturi yake. Akimaliza kuezeka, huingia ndani saa sita jua likiwa utosini, akalala chali sakafuni, kofia kifuani, akatazama juu. Akiona hata tobo moja la nuru hupanda tena mwenyewe kuliziba. Asipoona husema, "Halina nuru," na hapo kazi imekwisha, mteja hana la kuuliza. Kutoka Diani mpaka Shimoni watu wanatujua kwa maneno hayo mawili.

Siku hizi kila paa halina nuru. Wiki iliyopita tulimaliza banda la mwalimu mmoja pale Mwabungo. Baba akalala chini. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, na matobo saba niliyaona bila hata kukaza shingo. Anaruka safu, kaka. Vidole vyake bado vinapima vizuri, lakini akisogea kushoto hajui tena safu ya chini imeishia wapi. "Halina nuru," akasema, akanigeuzia uso. "Jemima, si ndivyo?"

Nikamjibu, "Ndivyo, baba."

Alipokwenda kulala mchana nikavaa suruali yako ya zamani chini ya leso, nikapanda mwenyewe. Mimi niliyefundishwa kushona makuti chini na kumkabidhi mwanamume apande nayo! Ziro, kibarua wetu, alinishikia ngazi huku akichungulia barabarani kama tunaiba. Nimekuwa nikifanya hivyo miaka miwili sasa, tangu ulipoondoka. Mapaa kumi na moja.

Sasa amepata kazi kubwa. Ni ukumbi wa kulia wa nyumba moja ya wageni huko Diani, mrefu kuliko chochote tulichowahi kuezeka, na lazima umalizike kabla ya masika. Pale sitaweza kumfuata kila mahali. Ama paa litavuja na jina lake liishe, ama ataanguka aishe yeye. Wewe ndiye mkubwa. Njoo umwambie. Mimi kila nikifungua mdomo maneno yananikwama, na sina hata mtu wa kumwambia kwamba yamenikwama.

Mdogo wako,
Jemima


Mackinnon Road
9 Februari 2025

Mdogo wangu Jemima,

Marahaba. Sisi hatujambo. Huku mvua tunaisikia kwenye redio tu, na mbuzi wamefikia kula maboksi. Purity anasema leso ni ya kuvaliwa, si ya kuwekwa. Hoteli yake ya kando ya barabara inakwenda vizuri, madereva wamempenda kwa maharagwe yake ya nazi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya safari. Mombasa, Malaba, Mombasa, lori halizimi na mimi sizimi.

Unataka nije nimwambie. Nilikwisha kumwambia, au umesahau? Siku tulipomaliza paa la kanisa la Ukunda, mbele ya mchungaji na wazee wote, baba alipolala chini akasema halina nuru, mimi nikasema kwa sauti, "Mbona mimi naona mbingu, baba?" Watu wakacheka. Sikukusudia wacheke. Baba aliinuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Huyu si fundi wangu." Hakusema si mwanangu. Kwa baba, hilo alilolisema ni baya zaidi. Tangu siku ile hajalitaja jina langu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi maana uko naye.

Kwa hiyo mimi nimenawa mikono. Mjomba Shutu yuko Matuga, kwa basi ni mwendo wa asubuhi moja. Nyumbani kwetu neno zito la kumfikia baba hubebwa na mjomba, na marehemu mama alifanya hivyo siku zote. Mchinjie kuku umtume.

Jambo jingine. Kalamu yako ni hafifu. Andika kwa kalamu nyeusi, na uyaachie maneno nafasi.

Kaka yako,
Japheth


Milalani
10 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Nimenunua kalamu nyeusi, bwana mkubwa, uone nilivyo mtiifu. Ashley amekuwa wa nne darasani na ameandika kuomba viatu. Baba hajambo. Kuku amepungua mmoja, na nitakueleza alikokwenda.

Mjomba Shutu alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimekwenda Matuga mwenyewe wiki moja kabla, nikamweleza yote, kila kitu, macho, safu, mapaa kumi na moja. Alitikisa kichwa, akanishika bega akasema niliache jambo hilo mikononi mwake. Nilirudi kwenye basi nikiimba.

Basi akaja. Alikula kuku, akamsifu kuku, akauliza kapikwa na nani. Mimi nilikuwa jikoni, sikio nimelitega mlangoni. Mwisho akakohoa, akaanza.

"Shemeji Chome, kazi ni nyingi na mwili ni mmoja."

Baba akasema ni kweli.

"Watoto wanakuonea huruma. Wangependa upunguze kidogo."

 Jikoni nikashika ukingo wa meza. Baba akasema, "Hawakukosea. Nitapunguza. Tangu leo Jumapili sipandi paa."

"Hilo ni neno la busara, shemeji," akasema mjomba, akaomba chai.

Japheth, baba hajawahi kupanda paa Jumapili tangu tuzaliwe! Wanaume wawili wazima wakapeana mikono kwa kukubaliana juu ya siku ambayo hakuna anayefanya kazi. Nilipomsindikiza mjomba barabarani akaniambia, "Nimekumalizia, mpwa wangu," na nilikuwa nimeshamfungia na mahindi ya kupeleka nyumbani. Nilicheka njiani peke yangu, halafu nikakaa kwenye kisiki nikalia, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumtuma.

Kazi ya Diani imeanza. Meneja wa pale ni Atieno, mtu wa Kisumu, mchangamfu, anaongea kwa kasi kama anafukuzwa. Anampenda baba sana, humletea soda na kumwita "mzee wa kazi". Baba anapanda saa moja asubuhi, nami nakaa chini na makuti yangu nikimhesabia hatua bila yeye kujua. Nikiona ameruka safu nakumbuka mahali. Akienda kula napanda nikaziba haraka. Kwenye kilele sifiki, ngazi yetu ni fupi na Ziro hawezi kunishikia na kunipasia makuti kwa wakati mmoja.

Njoo, kaka. Siku mbili tu. Sikuombi ugomvi wenu uishe, nakuomba uje.

Jemima


Milalani
6 Aprili 2025

Kaka Japheth,

Shikamoo. Elijah amepita mara mbili mikono mitupu, kwa hiyo naandika tena bila kujibiwa.

Jumatano baba alikanyaga pasipo na fito. Mguu ukazama kwenye makuti mpaka pajani, akaning'inia. Ziro alimdaka kwa mkanda. Chini yake palikuwa na saruji na meza za mbao. Alipotolewa akasema fito ilikuwa mbovu. Ziro akaitikia, "Ilikuwa mbovu, mzee." Haikuwa mbovu, haikuwapo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeacha nafasi ile asubuhi. Mimi nilikuwa nimesimama na sindano ya kushonea makuti mkononi, nikasema pole, baba.

Kuna jingine. Elijah alikaa hapa kunywa maji, nikamuuliza umekwenda safari gani mpaka hupati nafasi ya kuandika. Akashangaa. Akaniambia hujaendesha lori tangu Krismasi, kwamba unashinda hotelini kwa Purity, umekaa mlangoni, unasalimia watu kwa sauti zao. Sijui maana yake ni nini. Uliniambia Mombasa, Malaba, Mombasa.

Kama huna kazi, mbona huji?

Jemima


Mackinnon Road
27 Aprili 2025

Jemima,

Marahaba. Hatujambo. Purity anakusalimu.

Elijah abebe mbuzi, mambo yangu aniachie mimi. Ni mgongo. Kuendesha lori usiku na mchana si mchezo, nimeambiwa nipumzike, ninapumzika. Sikukueleza kwa sababu una yako ya kutosha.

Nimefikiri sana juu ya baba na nimegeuza mawazo. Usimwambie. Wala usimtume mtu mwingine. Endelea kupanda baada yake kama ulivyokuwa ukifanya, mtafutie kamba nzuri ya kumfunga kiunoni, msingizie kwamba wenye nyumba ndio wanaotaka.

Hebu nisikilize vizuri. Mtu akishaambiwa kwamba haoni, kesho yake kila mtu anamshika mkono kuvuka barabara. Wanamkatia nyama kwenye sahani. Wanaongea naye polepole, kana kwamba masikio nayo yameharibika. Wanawe wanaambizana mambo kwa ishara naye yumo chumbani. Leo baba ni fundi, anaamka asubuhi anajua anakokwenda. Siku utakayomwambia atakuwa kipofu, na hutaweza kulirudisha neno hilo mdomoni. Mwache, Jemima. Kama unampenda mwache.

Japheth


Milalani
19 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Ashley amesharudi bweni, nami nimefurahi hakuwapo. Masika yamekuja yote kwa mara moja. Barabara ya kwetu imekuwa mto.

Nimemwambia.

Ilikuwa Jumanne iliyopita. Usiku wake mvua ilipiga vibaya, na asubuhi Atieno akanipigia simu. Simu ikawekwa sauti ya juu, kama kawaida. "Aki Jemima, paa lenu linavuja ajabu! Wageni wamehamisha chai kwa veranda, na bosi anakuja Alhamisi. Sasa mimi nitamwambia nini?" Baba alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini, akachukua kofia, akasema twende.

Tulifika karibu saa sita, jua lilikuwa limerudi kali. Baba hakumsalimia mtu. Aliingia ukumbini, akajilaza sakafuni kati ya meza, kwenye maji yaliyokuwa bado hayajapigwa deki. Wahudumu wakasimama ukutani kumtazama. Akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akasema, "Halina nuru. Haya maji yanatoka kwenye mfereji wenu." Akageuza uso. "Jemima, si ndivyo?"

Japheth, nilitazama juu nikaona mianga kama ishirini. Miwili ilikuwa inamwangukia yeye, mmoja kwenye shati na mmoja shavuni. Atieno alikuwa ananitazama. Nikakukumbuka wewe kanisani, na kicheko kile.

Nikamwambia Atieno, "Dada, naomba utuachie ukumbi, wewe na watu wako." Akafungua mdomo kuuliza, akaniona uso, akawatoa wote na kufunga mlango. Nikavua viatu. Nikalala chini kando ya baba, mgongo kwenye saruji, jinsi ambavyo sikuwahi kulala naye sambamba tangu nikiwa mdogo. Maji yaliingia mpaka kwenye nywele.

Nikasema, "Sivyo, baba. Mimi naona nuru."

Akauliza, "Wapi?"

"Juu ya mlango, mitatu. Kileleni pameachana, naona mbingu yenyewe. Na mwingine uko shavuni pako sasa hivi."

Akainua mkono akagusa shavu. Akauacha mkono pale.

"Ni paa hili tu?"

"La, baba."

"Mangapi?"

"Hili la kumi na mbili. Kuanzia banda la Mzee Mwinga, mwezi mmoja baada ya kaka kuondoka."

"Na mbona hayakuvuja?"

"Nilikuwa napanda baada yako."

Nilijiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimeiandalia majibu miezi mitano. Niliogopa atasema mwanamke hapandi paa, niliogopa atanifukuza kama alivyokufukuza. Hakupaza sauti. Alisema polepole, akitazama juu kule asikokuona, "Kila mara nilikuuliza. Sikuuliza kwa mazoea. Nilikuuliza kwa sababu nilikuwa sina hakika, nikaona Jemima yuko, Jemima ataniambia. Kumbe pale chini nilikuwa peke yangu."

Akainuka. Nilimpa mkono, akaukataa. Akajigonga kwenye kiti, akakisogeza, akajigonga kwenye kingine, akapapasa mpaka akaufikia mlango. Mimi nilibaki pale sakafuni nikilia kwa sauti, mpaka Atieno akaingia na taulo bila kuuliza chochote.

Paa tumelirekebisha mimi na Ziro, mchana kweupe, kwa ngazi ya kuazima, kabla ya bosi wao kufika. Baba hajanisemesha tangu siku hiyo.

Jemima


Milalani
22 Juni 2025

Kaka Japheth,

Shikamoo. Mwezi umepita bila neno lako. Nimeandika kwa herufi kubwa nyeusi, nikiacha mstari mmoja katikati, na utaelewa kwa nini.

Baba alininyamazia siku kumi na tisa. Unajua ilivyo nyumba ya watu wawili mmoja akinyamaza? Nilisikia hata mchele ukichemka. Alikuwa akitaka kitu anamwambia Ziro, "Mwambie Jemima chumvi imezidi," nami nimekaa hapo hapo na sufuria. Ziro maskini ananigeukia: "Jemima, chumvi imezidi." Mara nyingine nilitaka kucheka na nikakosa wa kucheka naye.

Siku ya ishirini alitoka amevaa shati la kanisani, akasimama mbele yangu. "Nipeleke kwa daktari wa macho." Hivyo tu. Nikampeleka.

Daktari ni kijana mpole. Alisema ni presha ya macho, imemla polepole kutoka pembeni kuingia katikati, na kilichokwenda hakirudi. Kuna dawa ya matone ya kulinda kidogo kilichobaki. Baba akauliza, "Ningekuja miaka miwili nyuma?" Daktari akatazama karatasi zake, akasema, "Kingebaki zaidi, mzee." Hakujua alichokuwa akiniambia mimi. Nitakaa na sentensi ile maisha yangu yote, sitaki unitulize.

Kisha akauliza kama baba ana watoto, maana ugonjwa huu hutembea ndani ya damu. Baba akajibu, "Ninao wawili. Wa kwanza yuko Mackinnon Road. Anaitwa Japheth." Alilitaja, kaka. Nilikuwa nimeshika mkoba wake, ukaniponyoka. Akaendelea, "Alikuwa fundi wangu. Yeye aliniambia, nikamfukuza."

Mimi nilipimwa siku hiyo hiyo. Sina.

Sasa nakuambia wewe. Nimeogopa kuliko nilivyoogopa kule sakafuni, maana baba nilikuwa naweza kumshika, wewe uko mbali. Hujaacha lori kwa sababu ya mgongo. Uliniomba kalamu nyeusi. Barua yako ya mwisho maneno yalipanda juu ya mistari, mengine yameandikwa juu ya mengine. Unawasalimia watu kwa sauti zao kwa sababu nyuso huzioni. Na nani alikuambia kwamba wanamkatia mtu nyama kwenye sahani? Hayo hukuyaandika kwa ajili ya baba.

Unaniomba nikunyamazie bila kutamka kwamba unaomba, nami nilikunyamazia miezi miwili. Sikunyamazii tena. Nenda ukapimwe. Kwako huenda kipo cha kuokoa.

Baba anakaa chini sasa, anapitisha kila kuti mkononi, baya analitupa. Mimi napanda. Majirani wana mengi ya kusema na wanayasema. Nikishuka huniuliza, "Lina nuru?" nami namwambia kweli, hata ikiwa itabidi nipande tena.

Dada yako anayekupenda,
Jemima


Mackinnon Road
6 Julai 2025

Mdogo wangu Jemima,

Marahaba. Huu ni mwandiko wa Purity. Nasema, yeye anaandika.

Barua yako niliisoma siku mbili, nje, juani, neno moja moja. Leo asubuhi nimempa Purity aimalize kwa sauti. Ndivyo nilivyomwambia. Sikupata njia nyingine, nikaona wewe umeshalisema, basi alisikie kutoka kwako. Yeye pia nilikuwa nimemwambia ni mgongo.

Mwezi wa Disemba, hapa karibu na Taru, nilimkosa mtu kwa kiasi cha kiganja. Alikuwa anasukuma baiskeli pembeni, na kwangu pembeni hakukuwa na kitu. Nilisikia akipiga kelele ndipo nikajua yuko. Nililifikisha lori, nikampa tajiri ufunguo, nikashika kiuno nikamwambia sijiwezi. Tangu siku hiyo nimekaa kwenye kiti hiki cha mlangoni nikiogopa. Nilipokuandikia umwache baba, nilikuwa najililia mwenyewe. Nisamehe. Mashimo yale ishirini yalikuwa yangu pia.

Nitapimwa Alhamisi. Wiki inayofuata nitapanda gari na Elijah. Baba usimwambie lolote, si kwa kumficha, ni kwa sababu nataka alisikie kwa mdomo wangu mwenyewe, tukiwa wawili, bila watu wa kucheka. Sijui nitaanzaje. Nina hofu kama mtoto.

Kaka yako,
Japheth

Wifi, kuanzia hapa ni mimi Purity. Ya juu ni maneno yake yote, sikupunguza wala sikuongeza. Haya ni yangu na hajui kwamba ninayaandika. Amekaa hapa mbele yangu, anadhani naandika jina lako kwenye bahasha. Wifi, nilijua tangu Februari. Kila asubuhi mimi hutangulia kuamka nikaondoa viti na madumu njiani, asijigonge. Leo aliponiambia nikapiga ukelele kama ndiyo kwanza nasikia, maana alikuwa amejikaza sana kulisema, sikuweza kumnyang'anya neno hilo. Sasa wewe uliyekwisha kupita huko nifundishe, nitamwambiaje?